Daraja la Lemein Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kijana wangu Lemein amepata kazi Mombasa, kwa lile daraja la watu wa miguu linaloelea. Meli ikija, kipande cha katikati kinaenda kando. Kando wapi, sijaelewa. Nimempigia mzee Kisemei wa Kajiado, yule tunamwomba binti yake Nasieku aolewe na Lemein. Nikasema kijana anaendesha daraja. Akauliza kama ni lake. Nikasema linamsikia.

Jumatano, 5 Machi
Mzee amefika hapa Kitengela na maswali. Kitu kinachotembea lazima kiwe na alama ya ukoo, kama ng'ombe. Hili liko na alama gani? Linalala wapi? Nikamwongeza chai. Akasema Nasieku haolewi mpaka yeye alione likitembea. Nikampigia Lemein simu, nikamwambia alisogeze Ijumaa tukija. Ati yeye ni wa filimbi tu, ya kusimamisha watu, wakubwa ndio husogeza, tena meli ikija. Mtoto niliuza mbuzi asome!

Ijumaa, 7 Machi, Mombasa
Tumekaa kando ya maji tangu asubuhi, mzee na shuka lake, mimi na jasho. Hakuna meli. Daraja limelala kama ng'ombe ameshiba. Nikasema lilikula vizuri. Akauliza linakula nini. Nikajifanya nakohoa. Jioni akasema turudi, hakuna ndoa hapa.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeenda kumuaga Lemein. Mzee alitangulia kuvuka, mimi nikabaki nikifunga kiatu. Meli hiyo. Lemein akapiga filimbi, akanyoosha mkono. Umati wote ukasimama: mama wa samaki, watu wa suti, hata polisi mmoja. Kipande cha katikati kikaenda zake. Mzee ng'ambo ile, mimi hii. Nikampungia mkono. Hakupunga. Nikajua tumeharibu kabisa.

Daraja likarudi, naye akaja pole pole. Akasema mambo ya daraja hajaelewa na hataki kuelewa. Lakini kijana anayesimamisha watu wengi hivyo bila fimbo, na asipotee hata mmoja, huyo anajua kuchunga. Amchukue Nasieku.

Jumapili, 9 Machi
Nyumbani. Mzee amepiga simu, anataka sherehe ya kukumbukwa. Nikamwambia Lemein atakuja na daraja lenyewe, tuliweke pale mtoni kwake, hata kama mto hauna maji. Amefurahi sana, ameanza kuita ukoo mzima. Sasa namtafuta Lemein aniambie linapakiwa kwa lori ya aina gani. Hashiki simu. Atakuwa analipangusa.