Nani Mkuu wa Kaya Hii?

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata! Jina langu limebandikwa ukutani pale ofisini: karani wa sensa ya watu na makazi. Nimesimama mbele ya karatasi ile nikijisoma mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaniomba nisogee na wao wajitafute.

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na si mtu wa kusifu ovyo, kasema hongera bila kuondoa mguu kwenye pedeli. Mama mkwe, ambaye tunaishi kwake (kwa muda tu, huu ni mwaka wa saba), kauliza kama kazi hiyo ina mwisho. Nikamwambia ni ya wiki chache. Akasema alijua.

Dosari ni moja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu anayeishi kwake mtaa wa pili, naye kachaguliwa. Mimi namwita Kalamu Nne, kwa sababu ya kalamu anazozipanga kwenye mfuko wa shati kama askari wa gwaride. Sijawahi kumwona akiandika hata kwa moja.

Jumatano, 14 Agosti

Mafunzo. Darasa la watoto wadogo, viti vya watoto wadogo, magoti kidevuni siku nzima.

Asubuhi nimeng'ara. Msimamizi wetu, mama mmoja asiyejua kunong'ona, katufundisha kwamba mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kisha kauliza: je, aliyekwisha kuhesabiwa akija kuomba ahesabiwe tena? Nikasimama. Nikajibu kwamba hahesabiwi tena, hata akilia. Msimamizi kasema wote waige mfano wangu. Watu wakapiga makofi. Kalamu Nne alikuwa anajikuna.

Mchana mambo yakaharibika. Somo la mkuu wa kaya. Kumbe mkuu wa kaya ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua, na wengine wote huandikwa kwa uhusiano wao na yeye: mke, mtoto, mjukuu, mkwe.

Mkwe!

Yaani nyumbani, mkuu ataandikwa mama mkwe, na mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, nitaingia kwenye hesabu ya taifa kama mkwe wake. Na nitabaki mkwe mpaka sensa nyingine, miaka kumi ijayo. Halafu kuna swali la makazi: umejenga, umepanga, au unaishi bure? Nimeishiwa hamu ya chai. Masomo mengine ya mchana sikuyasikia kabisa, nilikuwa nimekodoa macho ubaoni nikiliona neno hilo moja tu.

Lazima niandikwe mkuu wa kaya. Sitaki kingine.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumegawiwa maeneo. Mimi nimepewa kilimani, ambako nyumba zimening'inia na mbwa wote wana hasira. Kalamu Nne kapewa tambarare, tena mtaa wetu! Yaani ndiye atakayekaa kwenye kochi letu, anywe chai yetu, aniandike mkwe huku anatabasamu.

Nimemfuata msimamizi nikamwomba tubadilishane. Kasema karani hahesabu nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia nyumba si yangu. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia hapo ndipo penye tatizo. Akaniomba nikitoka nirudishie mlango.

Jumapili, 18 Agosti

Nimelala nikawaza, nimeamka na jibu. Kama mkuu ni yule anayetambuliwa, basi kinachotakiwa ni kutambuliwa tu. Kampeni imeanza.

Mchana nimewahi mezani nikakaa kwenye kiti cha mama mkwe, kile chenye mikono. Nimeegemea, nimekohoa kikubwa. Mama mkwe kaja na bakuli. Alisimama tu akaniangalia, akaendelea kuniangalia. Nikakumbuka kwamba mgongo wangu haupatani na viti vyenye mikono. Nikahama.

Jioni nikasema nitatengeneza bomba la bafuni, kazi ya mkuu wa kaya yeyote anayejiheshimu. Sasa maji yanatoka kila mahali isipokuwa bombani. Mama mkwe kampigia simu fundi, kasimama mlangoni na kanga yake kiunoni, kamwelekeza aanzie wapi. Fundi alikuwa akimjibu ndiyo mama, sawa mama. Mimi nilipewa ndoo nikinge.

Kabla ya kulala nikampima binti yetu. Nikamuuliza kirafiki tu: katika nyumba hii mkubwa ni nani? Kasema bibi. Na baada ya bibi? Mama. Na baada ya mama? Akafikiri sana, mtoto wa watu, akauliza kama mjomba naye yumo.

Jumanne, 20 Agosti

Mpango mpya, na huu hauna kasoro. Mtu huhesabiwa alipolala. Mama mkwe akilala kwingine Jumamosi usiku, hawezi kuwa mkuu wa hapa. Sheria hiyo sikuitunga mimi!

Nimemkalia karibu wakati anachambua mchele. Nikamsimulia jinsi dada yake anavyomkumbuka, jinsi alivyo mpweke huko mji wa mbali, na jinsi ndugu wanavyoondoka duniani bila kuagana. Nimesema kwa uchungu mpaka mimi mwenyewe nikatafuta leso. Mama mkwe kaguswa. Kajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kaniita mwanangu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Papo hapo kachukua simu kampigia dada yake.

Dada yake anakuja huku. Jumamosi asubuhi. Na mizigo.

Sasa nimejiongezea mkubwa mwingine juu ya kichwa changu. Mke wangu kaniuliza nimemwambia nini mama yake hata analia. Nikajitia hamnazo, nikaenda kukinga maji.

Alhamisi, 22 Agosti

Mbona sikuliona hili mapema? Kama siwezi kumhamisha yeye, nitajihamisha mimi!

Kuna pagale ng'ambo ya barabara, nyumba ambayo mwenyewe alianza kuijenga akachoka. Fundi mwashi anayelitunza ni rafiki yangu. Nimemwomba nilale humo Jumamosi, usiku mmoja tu. Kasema humo yeye haachi hata toroli lake. Nikamwambia aniachie mimi.

Hesabu ni hii. Kaya, kwa mujibu wa mafunzo, hata mtu mmoja anayejipikia na kula peke yake ni kaya. Mtu mmoja! Na katika kaya ya mtu mmoja, mkuu ni nani? Nani wa kubisha? Isitoshe, pagale liko kwenye eneo la karani mwingine kabisa, binti mpole anayeitikia kila kitu. Atakuja Jumapili asubuhi, kabla sijapanda kilimani, anikute nimekaa kitini, chai inachemka. Atauliza mkuu wa kaya ni nani. Nitamjibu taratibu, bila kujivuna.

Nimekwisha kupeleka kiti, jiko la mafuta, sufuria na kikombe. Kikombe kimoja tu. Hiyo ndiyo raha ya kujitegemea.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika nikiwa kwangu! Kuta zipo. Paa lipo kwa mbali, upande wa nyuma. Milango na madirisha havijafika.

Kuondoka haikuwa rahisi. Nilimwambia mke wangu kwamba nalala nje kwa shughuli za sensa na kwamba siri za serikali hazisemwi. Akaacha kushona. Akaniomba leo, leo tu, nilale nyumbani. Akasema mama yake ana jambo la kuniambia mezani. Nikamwambia mama yake ana jambo la kuniambia kila siku. Akanishika mkono wa shati kidogo, kisha akauachia, akaenda kuniletea sweta. Sikumtazama usoni. Nilijua nikimtazama nitabaki.

Yule mama mkwe mdogo, mgeni wetu, tayari kakalia kiti changu cha kawaida. Basi hata hasara sijapata.

Jumapili, 25 Agosti

Siku ya sensa. Heri ningezaliwa kesho.

Somo lile la mchana, lile nililolikosa kwa kuwaza ukwe, lilikuwa linasema hivi: watu wasio na makazi, wanaolala stendi, vibarazani na kwenye mapagale, hawangojwi asubuhi. Kikosi maalumu huwapitia usiku ule ule.

Nimeamshwa na tochi usoni. Nyuma ya tochi kizibao cha sensa, na juu ya kizibao uso wa Kalamu Nne. Kumbe alijitolea kikosini. Kaniamkia shikamoo shemeji, kwa adabu zote, kisha akaniuliza kwa sauti ya kimafunzo kama nina mahali pa kuishi. Nikamwambia hapa ni kwangu, na mimi ndiye mkuu wa kaya. Kaelekeza tochi juu. Tukatazama nyota pamoja.

Ndipo nikamwona msimamizi, kasimama mlangoni, yaani pale ambapo mlango ungekuwa. Nikababaika, nikasema nina nyumba, nina mke, nina kila kitu. Akaniuliza nyumba hiyo ni ya nani. Nikavuta sweta langu mpaka kidevuni. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko ukali wake. Kalamu Nne kaandika: asiye na makazi. Hata hapo hakutumia kalamu, alibonyeza kishikwambi kwa kidole.

Kulipokucha nimekimbia nyumbani. Nimemkuta kwenye kochi, chai mkononi, anamalizia kaya yetu. Nikamsihi anihesabu, aniandike hata mkwe. Nikarudia: hata mkwe! Akaniambia samahani shemeji, ila karani mmoja hodari alitufundisha darasani kwamba aliyekwisha kuhesabiwa hahesabiwi tena, hata akilia. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nilie.

Mke wangu kaniita jikoni. Akaniambia lile jambo la mezani. Mama yake alikuwa amesikia mkuu wa kaya ndiye anayejibu maswali yote, ya choo, ya paa, ya kuni, ya nani kazaliwa na nani kafa. Akasema umri wake na maswali hayo havipatani, na kwamba tangu nilipomtakia mema yeye na dada yake ameniona mtu. Akasema niandikwe mimi. Wote walikubali. Hata Kalamu Nne alikubali! Kiti chenye mikono kiliachwa wazi usiku kucha, na chakula changu kilifunikwa pale mbele yake.

Kwa kuwa sikulala pale, haikuwezekana. Basi kaandikwa mke wangu. Akaulizwa mume yuko wapi, na aliyeuliza ndiye aliyekuwa ametoka kunimulika. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema tu kwamba aliona aibu mbele ya mdogo wake, kisha akanipashia chakula. Nimekila chote, nikaosha sahani mwenyewe.

Jumanne, 27 Agosti

Nimerudi kilimani, kuhesabu. Habari zimenitangulia. Kila nyumba wananiuliza kama nimekula. Mzee mmoja kakataa kujibu chochote mpaka nivae koti lake.

Niliporudi nyumbani nimemkuta afisa ustawi wa jamii mlangoni, kabeba godoro na blanketi kwa ajili ya karani asiye na makazi. Msimamizi ndiye aliyemtuma, moyo wake ulishindwa kuvumilia. Afisa alikuwa akiomba radhi, akidhani kapotea, maana hapa ni nyumba ya watu. Mama mkwe kamwambia hajapotea, mlengwa yumo humu humu, ni yule pale anayejificha nyuma ya pazia. Kisha kapokea godoro kwa mikono miwili, kashukuru, kampa dada yake.

Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Mara ya kwanza tangu Jumapili! Nami nikacheka, ingawa hakuna kilichonichekesha. Baadaye kaniambia hahitaji mkuu wa kaya, kwa kuwa mkuu sasa ni yeye. Anachotaka ni mume anayelala nyumbani. Hilo tu. Nikaapa, na nilimaanisha. Sitalala nje tena maishani mwangu.

Jumatatu, 2 Septemba

Sensa imekwisha. Nyumbani ni amani tupu. Mama mkwe kanipa paja la kuku bila kuombwa. Nimejifunza kuridhika, na nadhani nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Leo tumerudisha vishikwambi. Wakati wa kuagana, msimamizi katudokezea kwamba mwezi ujao kuna sensa ya kilimo na mifugo. Kila zizi litaandikwa pamoja na mtunzaji wake mkuu, yaani yule ambaye mifugo imemzoea.

Mama mkwe ana mbuzi uani.

Nimelizungukia banda mara kadhaa mchana huu, nikitafakari. Mbuzi hawaketi mezani. Hawana dada wa mbali. Hawaulizwi wanamtambua nani! Ni suala la kuzoeana tu, na kuzoeana kunataka muda, ndiyo maana naanza leo. Mke wangu kaniuliza nakwenda wapi na shuka na mto. Nikamwambia afunge mlango asiningoje, na kwamba uani si nje.

Dume kubwa limenipiga pembe ya kwanza. Natumaini kufikia wiki ijayo litakuwa limenitambua.