Mdomo wa Tano

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa, ilitangaza kwamba maofisa mipango ishirini wamemaliza mafunzo ya wiki mbili ya kuchora modeli za maendeleo endelevu. Benchi zima likamgeukia ofisa wa maji, mmoja wa hao ishirini, ambaye tangu arudi huko anachora mishale hata kwenye bahasha za mialiko ya harusi. Wamembatiza Mishale.

"Wiki mbili mnachora mishale!" Koki, fundi bomba, akajipiga paja. "Kwani mnawinda nini?"

"Kesho nawaeleza madiwani," Mishale akajibu kinyonge. "Wanataka kuchimba kisima cha tano. Modeli inaonyesha vyote vitano vitakauka. Nisipoeleweka, wanachimba."

"Hebu tueleze sisi kwanza," akasema Spika, kinyozi mwenye sauti ya mnadani.

Mishale akakunjua karatasi. Duara, mshale, duara. "Mrejesho wa mahitaji unaimarisha..."

"Unaimarisha usingizi!" Koki akapiga mwayo wa makusudi.

Kicheko kikalipuka. Mishale akaikunja karatasi yake polepole, pembe kwa pembe. Mama Birika akamwona. Akamsogezea kikombe, akakijaza pomoni bila kuombwa.

"Eleza kwa hiki, mwanangu."

Mishale akakitazama kidogo. "Haya. Kahawa hii ndiyo maji yaliyo chini ya ardhi. Visima ni midomo. Mama, wewe ni mvua: tone, tone."

Akanywa yeye, akanywa Spika. Koki akanywa kwa niaba ya visima viwili. Mvua ya Mama Birika ilidondoka kwa bidii, lakini wapi! Yakabaki machicha.

"Si mnaona kimekauka?" Koki akashangilia. "Ndiyo maana tunadai cha tano! Ongezeni mdomo!"

Mama Birika akamwangalia kwa upole. "Mdomo huongeza kahawa, baba?"

Koki akachungulia machicha kikombeni. Spika akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mishale keshageuza karatasi, anayaandika maneno hayo ya Mama Birika, safari hii bila mshale hata mmoja.

"Diwani wetu namnyoa mimi," Spika akasema, akifuta machozi. "Modeli haielewi. Kahawa anaielewa sana."

Mama Birika akafunga birika na vikombe kwenye kitambaa safi, akampa Mishale. "Nenda navyo kesho."

"He! Na sisi kesho tunywe nini?" Koki akang'aka.

"Wewe si una hamu ya kisima?" akasema Mama Birika. "Chimba."