Safari ya Kumtoa Mjomba Nafe Mehaires

Jumatatu, 8 Novemba 2021. Kambi ya wakimbizi ya Smara.

Mama amelia tena. Wachungaji waliorudi leo kutoka malishoni Mehaires, upande wa pili wa mpaka, wameleta habari ya gari jingine lililochomwa kutoka angani na ndege isiyo na rubani. Dereva amezikwa palepale, katika bonde lilelile anamochungia Mjomba Nafe, kaka pekee aliyembakia Mama. Mjomba hataki kurudi kambini. Mvua imeotesha majani, asema, na ngamia wake wanazaa.

Nimesimama mbele ya chai na kutangaza: nitamleta! Si kwa kamba, bali kwa hoja. Mimi Lehbib, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya siasa, ambaye ukumbi mzima wa Algiers ulisimama kumshangilia!

Binamu yangu Hamudi, aliyetoka kikosini juzi, mtu wa maneno machache kama aliyekatazwa na daktari, aliuliza iwapo nimewahi kumshawishi hata mbuzi atoke hemani. Watu wakacheka. Kisha akajitolea kwenda yeye. Nikamkatalia katakata. Zama hizi hazimhitaji asiyeweza kujieleza.

Mama hakucheka. Alinitazama kwa matumaini, akasema, "Haya, mwanangu. Niletee kaka yangu." Hilo ndilo zito.

Tangu vita vya kupigania nchi yetu virudi mwaka jana, raia hawaruhusiwi kuvuka kituo cha mwisho cha jeshi. Basi nitakwenda kivyangu. Hotuba nimekwisha kuianza.

Jumanne, 9 Novemba

Balaa! Gari linalokwenda huko ni moja tu, la kuwapelekea wachungaji maji na unga, na dereva wake ni Mzee Deich. Baba yake Suelma. Suelma, mchumba wangu!

Kwetu mwanamume hakai uso kwa uso na baba mkwe. Hali chakula mbele yake, hasemi mbele yake. Akimwona kwa mbali, anapinda njia. Chuoni nilikwisha kuihukumu desturi hii kuwa mabaki ya ukabaila, na nikapigiwa makofi. Makofi yale yalipigwa mbali sana na Mzee Deich.

Nimebuni mkakati. Mzee hajaniona tangu nikiwa mtoto. Nitajifunga kilemba mpaka machoni, nitakaa nyuma juu ya magunia, nitajiita mwanafunzi kutoka kambi ya Auserd. Rafiki mmoja amekwenda kuniombea nafasi. Mzee amekubali bila swali. Wepesi ulioje wa kuwahadaa watu wa kizazi kile!

Alhamisi, 11 Novemba. Jangwani.

Gari limepakwa mafuta na mchanga, vioo vyote vimeng'olewa visimetemete. Kituo cha mwisho tumekikwepa kwa kuzunguka vilima. Mchana tunajificha chini ya migunga. Hatuwashi moto, moshi unaonekana. Simu Mzee alizizima na kuzizika katika gunia la unga. Mara mbili tumesikia mlio wa ndege ile isiyo na rubani, mwembamba, kama wa nyuki ndani ya chupa. Mara mbili hakuna aliyepumua. Nilikumbuka kwamba mada ya insha yangu ya chuoni ilikuwa ujasiri wa umma. Nikajifukia kati ya magunia hata hivyo. Baridi, nadhani.

Mzee alinikaribisha chakula. Nikatikisa kichwa, nikaashiria kwamba nimefunga. Akasema saumu ya Alhamisi ni jambo jema, Mungu aipokee. Kisha akaanza kula polepole, huku akilisimulia jangwa, si mimi, habari za mkwe wake mtarajiwa.

Kijana mzuri, alisema, mama yake ni mtu wa heshima, ila mdomo wake hauna breki. Akikusalimu tu, chai inapoa. "Nimemwambia binti yangu, mwanangu, wewe unaolewa na redio." Akageuka nusu. "Au wewe wa Auserd unaonaje?"

Nilikuwa na majibu tisa! Nikayameza yote. Nikatikisa kichwa.

Machweo nikakuta bakuli la unga wa shayiri na samli limesahauliwa juu ya magunia, upande wangu. Uzee huo, husahau hata chakula. Nikakimaliza.

Ijumaa, 12 Novemba. Mehaires.

Tumefika alasiri. Nikamshika Mjomba Nafe kando, nyuma ya ngamia, mbali na masikio ya Mzee, nikaifungua hotuba. Sentensi ya pili Mjomba akasema sawa, twende.

Nikamwomba aniache nimalize. Hoja haikubaliwi kabla ya kujengwa! Akasema hana haja ya hoja. Wiki iliyopita alimzika yule dereva aliyechomewa gari kwa mikono yake, na tangu hapo hajalala. Alichokosa ni gari, si ushauri. Jike lake kubwa limezaa, na ndama hajaweza kutembea safari ndefu. Sasa gari lipo. Ndama atapakiwa, mama yake atamfuata nyuma, na kundi zima litamfuata mama. Jua likizama tunaondoka.

Nikasisitiza. Akasimama akiwa ameshika kidevu, akanisikiliza mpaka hitimisho. Jua likazama tukiwa katika sehemu ya tatu, inayohusu jukumu la mchungaji katika ukombozi.

Ndama akafungwa garini. Mzee akawasha injini. Ndipo Mjomba akapaza sauti, bonde likaitika: "Lehbib! Wewe Lehbib, mtoto wa dada! Njoo mshike ndama kichwa!"

Jina langu. Mbele ya baba mkwe. Na kilemba kilikuwa shingoni!

Nilikimbia. Miguu ilikata shauri kabla yangu. Nilipanda kilima, nikateremka upande wa pili, nikajibanza katika ufa wa mwamba. Niliwasikia wakiniita. Mzee alisema hawezi kurudi kwa Suelma bila mtu wake. Nilitaka kutoka. Kila nilipojiandaa, nilimwona Mzee akisimama uwazini, uso ukielekea kwangu, nami nikarudi ndani. Nitatoka atakapogeuka.

Jumamosi, 13 Novemba

Hakugeuka. Kulipopambazuka walikuwa bado wananitafuta kwa miguu, mmoja kila upande wa bonde, na gari lilikuwa peke yake katikati, wazi, ndama ndani.

Mlio ule. Kisha mwanga. Kisha sauti, ikiwa imechelewa.

Watu wote wazima. Naliandika hapa ili lisisahauliwe: kama si mimi kujificha, wote wangekuwamo garini! Nilimweleza Mzee hivyo kwa kumpa mgongo, kama inavyopasa. Alikung'uta mchanga kwenye viatu. Kisha alisema, taratibu, kwamba kama si mimi kujificha, wangekuwa wamekwisha kufika vilimani tangu usiku. Alinitambua tangu Smara, alisema. Nina mwendo wa marehemu baba yangu. Bakuli aliliweka makusudi. Desturi haidai zaidi ya hapo: mimi nisimwone, naye asinione. "Ungejifunika tu kilemba, mwanangu. Ingetosha."

Jike linazunguka chuma kilichoungua pamoja na ndama wake. Linanusa, linainua shingo, linalia, linanusa tena. Kundi limelala kulizunguka. Mjomba amejaribu kuliongoza kwa kamba, kwa sauti, kwa wimbo wa kisimani. Halitoki. Na kundi bila yeye halitoki.

Mjomba Nafe alikuja akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mwambie dada yangu nitakuja huyu akikubali. Labda wiki. Labda mwezi. Siwezi kumwacha na msiba peke yake." Akaketi chini, karibu na miguu ya mnyama, mahali ambapo mbingu yote inamwona.

Nikaikunja hotuba, nikaitia mfukoni.

Jumatano, 17 Novemba. Smara.

Tulitembea mpaka tukaokotwa na gari la wagonjwa la jeshi. Mzee mbele, mimi nyuma, kwa umbali wa heshima.

Liliposimama kambini jana jioni, Mama alikuwa amekwisha kutoka nje. Alimtazama Mzee akishuka, akanitazama mimi, akaendelea kuutazama mlango mpaka dereva akaufunga. Nilimweleza kwamba kimsingi Mjomba amekubali. Kilichobaki ni utekelezaji. Akanimiminia chai. Bilauri ilijaa, akaendelea kumimina, povu likamwagika.

Hamudi aliuliza bonde gani hasa, akauliza jike lina rangi gani. Alfajiri hii ameondoka na ngamia wawili na viriba vya maji. Bila tamko! Bila hoja hata moja!

Nitamfuata. Sasa wako wawili wa kuwaokoa. Nimeyachambua matukio kwa utulivu na kuona kosa lilikuwa wapi: ujenzi wa hoja. Sehemu ya tatu ilipaswa kutangulia, na yote iwe ndefu zaidi, maana mtu aliyekubali kwenye sentensi ya pili hajasadiki kwa dhati.

Mama amekaa mlangoni pa hema tangu asubuhi, akielekea Mehaires. Nimemwomba asogee kidogo. Ananizibia mwanga wa kuandikia.