Ziara ya Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Juni
Mama kapiga simu. Jumamosi ni siku ya wageni: chuo kinawafungulia milango wanaotaka kuomba nafasi ya mwaka wa kwanza. Anakuja na Kitinda, mdogo wetu wa mwisho. Balaa! Matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa jengo la Uhandisi, na majina yangu, yote matatu, yako chini ya maneno WATAKAORUDIA MWAKA WA KWANZA. Nyumbani hakuna ajuaye. Mama ni fundi cherehani. Ameshanishonea suti ya mahafali, bado vifungo tu. Akiusoma ubao ule atavunjika moyo, na mimi sijui nitavunjika nini.

Saa nne: wazo! Nani anaamua wageni waone nini? Mwongozaji. Nikakimbilia ofisi ya udahili kujiandikisha. Karani akauliza kama nakifahamu chuo vizuri. Nikamwambia hakuna anayeujua mwaka wa kwanza kama mimi. Si uongo.

Jumatano, 5 Juni
Mafunzo. Kumbe mwongozaji hutembea kinyumenyume, uso kwa wageni, mdomo haufungwi. Nimeangusha chungu kimoja cha maua na mhadhiri mmoja. Mkuu wetu ni Kamusi, msichana wa mwaka wa tatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ana jibu la kila kitu na hulitoa kabla ya swali. Kasema kila kundi lazima lipite Uhandisi. Nikasema sakafu ya pale inateleza. Akasema haitelezi. Nikasema kuna nyuki. Akaniambia nichague, nyuki au utelezi. Ana roho ya kutu yule.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeufunika ubao kwa bango kubwa: KARIBUNI NYUMBANI KWA VICHWA. Selotepu pembe zote nne. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni msitu. Njia nayo nimeichora: maktaba, maabara, bwalo, halafu maktaba tena kwa mlango wa nyuma. Kamusi hatajua. Kesho nitang'ara!

Jumamosi, 8 Juni
Wageni ishirini na wawili. Mama kavaa gauni lake la kwendea harusi za watu. Goti linamsumbua lakini kiti kakataa. Kitinda ana daftari na kalamu mbili. Nikaanza. Jamani, nilikuwa moto! Nikawaonyesha maktaba ya ghorofa sita, ambayo saa moja asubuhi viti vimeshajaa. Nikawaonyesha maabara yenye mashine inayovuta chuma mpaka kikatike. Nikawaambia kati ya waombaji ishirini huchukuliwa mmoja. Watoto wa watu midomo wazi. Nikamsikia Mama akimnong'oneza mwenzake kwamba huyo ni wake, anaingia mwaka wa pili.

Baba mmoja mwenye kofia akauliza kama kuna wanaofeli. Nikamjibu hapa hakuna kufeli, kuna kuongezewa muda wa kutafakari. Wakacheka. Kichwa kikavimba. Nikazidi kurudi nyuma kwa mbwembwe, mikono hewani, kona ya kwanza, kona ya pili, wala sikujua nimeiacha njia yangu wapi.

Nikaona hawanitazami tena. Wanatazama nyuma yangu. Mgongo ukagonga ubao. Nikaruka mbele, na bango likaja nami, limenata kwenye koti.

Mama husoma kwa kidole. Kidole kikashuka jina kwa jina, kikasimama. Mwenye kofia akasoma ubao, akasoma beji kifuani pangu, akasema kwa upole kwamba majina yanafanana. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akasema tu niendelee, wageni wanasubiri.

Sijui nini kilinipata, nikasema kweli. Kwamba hisabati ilinishinda tangu mwezi wa kwanza, nikaona aibu kuuliza, nikaacha kwenda darasa la mazoezi, ambako mhadhiri hukaa na mtu mpaka aelewe. Kwamba hapa kila mmoja alikuwa wa kwanza shuleni kwao, kwa hiyo hakuna aliyezoea kusema sijaelewa. Wakaniuliza maswali nusu saa nzima! Kitinda akajaza kurasa nne. Hata Kamusi, aliyekuja kulisaka kundi langu, akauliza swali.

Getini Mama akaniambia kufeli hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kuzungushwa maktaba mara mbili na goti lile, kisa anafichwa ubao. Akasema nisimfiche tena. Nikaapa. Nililia kidogo. Suti itasubiri.

Alhamisi, 15 Agosti
Kitinda kachaguliwa! Uhandisi! Niko nyumbani likizo, nimepiga kelele mpaka jirani kaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Tutakaa darasa moja, na ameshasema benchi la mbele. Kwenye fomu waliuliza kwa nini anakitaka chuo hiki. Aliandika kwamba alimwona mtu akiaibika pale mbele ya watu, na watu wakamwacha amalize kusema. Mama kaitoa suti kabatini anaipunguza kiuno. Anasema atakayemaliza kwanza ndiye atakayeivaa.

Jioni Shangazi kapiga simu kupongeza. Akauliza imekuwaje mimi na mdogo wangu tuwe darasa moja. Nikamweleza kwamba nilikiomba chuo kinirudishe mwaka ili nimwangalie mtoto. Ameguswa mno. Anataka kumpigia Mama sasa hivi, ampe hongera kwa kuzaa kijana wa namna hii. Nimemwambia simu ya Mama imeharibika tangu jana. Sasa naitafuta kabla haijalia, sijui kaiweka wapi.