Mashahidi wa Nta ya Profesa

Habari iliyovuruga kahawa yetu Jumanne ile ilikuwa fupi. Ratili aliisoma gazetini kwa sauti: kampuni moja ya ng'ambo imepata hataza ya njia mpya ya kung'arisha nta ya nyuki.

"Hataza ndiyo nini?" Mama Kashata aliuliza, akimimina kahawa bila kutazama kikombe.

"Haki ya mvumbuzi. Ukiwa nayo, mtu hagusi njia yako bila ruhusa yako."

Kasimiri, ambaye kijiwe chetu cha mtaa wa Cheyo humwita Profesa, aliweka kikombe chini. Alikuwa na sababu. Nta anayoisafisha na kuuza ni nyeupe kama kanzu ya Idi, na haijaonja dawa yoyote ya kiwandani. Jumamosi mnunuzi mkubwa angefika kutoka Dar es Salaam, na sharti lake lilikuwa moja: aone nta inavyosafishwa.

"Akiona, ataiga," alisema Profesa. "Nikimkatalia, ataondoka. Natafuta wakili wa hataza. Tena awe anajua kemia."

"Wakili? Umefika, mzee baba!" alidaka Vedasto. Huyu tunamwita Mahakama, kwa kuwa kesi yake ya kiwanja ina miaka kumi na moja na bado inatajwa. "Chukua wakili wangu. Jamaa ni moto!"

"Moto gani huo, miaka kumi na moja maji hayajachemka?" alisema Mama Kashata. "Profesa, nenda kwa yule aliyesimamia talaka ya binamu yangu Levina."

"Huyo ataamua nusu ya nta iende kwa Profesa, nusu kwa nyuki!"

"Na wako ataichimbia nta bikoni za mpaka!"

Ratili alikunja gazeti. Jina lake ni Yusufali, na dukani kwake anauza mizani na mablanketi, kwa hiyo hupima kabla ya kusema. "Mpwa wangu Kruti yuko Dar. Nimemwandikia sasa hivi, amenitumia namba ya Wakili Recheli. Alisoma kemia kwanza, sheria baadaye."

Profesa alipiga simu palepale.

"Weka spika," Mahakama aliamuru. "Kesi bila mashahidi ni soga."

Spika ikawekwa. Tukasogeza mabenchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Profesa alijieleza kwa ufupi uliotushangaza. Wakili akauliza, "Uvumbuzi huu ni wako mwenyewe?"

"Wake kabisa, mheshimiwa!" Mahakama alisimama, akafunga kifungo cha shati. "Mimi ni shahidi wa kwanza. Masika ya mwaka juzi nilimwona akichemsha nta kwenye maji ya ukwaju."

"Shahidi wa pili," alisema Ratili. "Blanketi la kufunika sufuria, nta ipoe polepole, lilitoka dukani kwangu."

"Na mkaa wa kuchujia ni wa maganda ya karanga zangu," alisema Mama Kashata. "Andika jina langu vizuri. Dafrosa."

Mimi nilitaja tarehe. Napenda mambo yawe kamili.

Wakili alinikatiza. "Kwani mko wangapi hapo?"

"Leo wachache," Mahakama alijibu kwa fahari. "Ijumaa tunajaa hadi benchi la tatu, na wote wanaijua njia hii. Nikuletee na wa kijiwe cha Ipuli?"

"Mzee wangu, kesi ya kiwanja hujengwa na mashahidi. Hataza huuawa nao. Uvumbuzi unatakiwa uwe haujulikani kwa watu kabla ya kuuombea hataza. Ninyi mnaujua tangu mwaka juzi."

Kisha Mahakama alikohoa.

"Mheshimiwa, mimi ukwaju siujui hata kwa sura."

"Blanketi gani?" alisema Ratili. "Mimi nauza mizani."

"Karanga? Kashata zangu ni za nazi!"

"Jamani," alisema Wakili Recheli, "hii si hataza tena. Haya ni mapishi."

Profesa alishika kichwa. Mdomo huponza kichwa, lakini hapa midomo ilikuwa mingi na kichwa kimoja.

"Mji huu ni wa kupitisha tangu enzi za misafara," Ratili alinong'ona. "Pembe za ndovu zilipita, nta ikapita. Leo na siri imepita."

"Mzee Kasimiri," wakili aliita, "ipo hatua yoyote ambayo hujamwambia mtu?"

Profesa alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta aliyemwibia kuku. Alizima spika, akavuka barabara, akasimama ukutani. Kwa mara ya kwanza tuliona midomo yake ikicheza tusisikie neno. Mahakama alitega sikio hadi benchi likainuka upande mmoja.

Aliporudi, alikuwa anatabasamu.

"Ipo moja. Ndiyo inayoleta ule weupe. Anasema hiyo bado inaombeka. Ataandika ombi usiku na mchana liingie kabla ya Jumamosi, na mnunuzi asione hata sufuria mpaka lipokelewe."

"Mungu mkubwa!" alisema Ratili.

Profesa aliketi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatuita kwa kidole. Vichwa vikakutana juu ya birika.

"Sasa jamani, msimwambie mtu. Ukishachuja kwenye mkaa, unachukua—"

Mama Kashata alimsukumia kashata nzima mdomoni.

"Tafuna, Profesa," alisema, ya pili ikiwa tayari mkononi. "Ombi likipokelewa, utameza."