Fimbo ya Vidonge, Kinole

Twalibu aliiona riziki yake Mikese, kando ya barabara kuu, imesimama wima na imepakwa rangi nne. Alikuwa pale akiwauzia abiria wa mabasi miwani ya jua aliyodai imetoka Italia. Chini ya paa la ofisi ya kijiji, muuguzi alikuwa akiwasimamisha watu mmoja mmoja mbele ya fimbo. Kichwa kikifika kwenye kijani, kidonge kimoja. Njano, viwili. Bluu, vitatu. Nyekundu, vinne.

"Dada, hampimi uzito?" Twalibu aliuliza.

"Urefu unatosha. Ni dawa ya vikope, bure kwa kijiji kizima. Na kila mtu anameza hapa hapa, mbele ya macho yangu."

Muuguzi akaendelea kumweleza jinsi vikope vinavyoanza na macho mekundu ya utotoni, mpaka ukubwani kope zinageukia ndani na kukwangua jicho, mtu anapofuka. Hayo Twalibu hakuyasikia. Yeye alikuwa anaitazama fimbo. Rangi zikipanda juu vidole vinne tu, nusu ya kijiji itapungukiwa kidonge kimoja kimoja, na hakuna atakayejua.

Jioni ile alikuwa Morogoro mjini, dukani kwa Godlisten. Godlisten alikuwa muuza dawa aliyeipenda sana sera ya soko huria, hasa pale ilipohusu mali ya wengine.

"Nijazie kopo moja la vidonge hivyo," alisema Godlisten, "na ile pikipiki yangu ni yako."

"Ile nyekundu?"

"Nyekundu, na helmeti yake."

Twalibu hakuhitaji kusikia zaidi. Alichonga fimbo, akaipaka rangi, akavaa suruali ya kitambaa na kutia kalamu tatu mfukoni, maana mtu mwenye kalamu tatu haulizwi kitambulisho. Akapanda Kinole, kijiji cha mlimani, ambako dawa ingegawiwa kesho yake.

Mgawa dawa wa kijiji alikuwa Bi Mwanvita, mama wa makamo mkulima wa mdalasini, mfupi na mpole wa sauti.

"Shikamoo mama. Mimi ni Msimamizi wa Vipimo. Fimbo zote za zamani zimefutwa. Nimewaletea mpya."

"Marahaba baba. Una barua?"

Barua hakuwa nayo. Alikuwa na redio kaseti yake, mali pekee aliyoipenda duniani, na alijua pikipiki ina thamani zaidi kuliko redio. Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Zawadi ya mgawa dawa bora wa tarafa. Vidonge vikibaki kesho, nitavirudisha wilayani mwenyewe."

Bi Mwanvita aliipokea redio, akashukuru sana. Twalibu akaichukua fimbo ya zamani, akaivunja vipande vitatu na kuitia jikoni chini ya birika, "ili zisije zikachanganywa." Akanywa chai iliyochemka kwa kuni hizo, na akaiona tamu.

Kesho yake asubuhi watu walijaa uani. Twalibu aliketi barazani kama mkubwa yeyote wa kazi, kopo likiwa mezani. Bi Mwanvita aliichomeka fimbo ardhini, akazunguka, akaangalia, akaihamisha hatua mbili, ndipo akaanza.

"Mosi, simama hapa. Upande wa juu kidogo. Njano! Viwili. Meza, nione ulimi."

"Njano?" Twalibu aliinuka. Kwa hesabu yake yule mtoto alikuwa wa kijani.

"Njoo uone mwenyewe, Msimamizi."

Akaenda, akaona. Kichwa cha Mosi kilikuwa njano kabisa. Akaja Pendo, bluu. Akaja mumewe, nyekundu. Kopo likawa linashuka, na Twalibu akawa anatoka jasho kwenye ubaridi wa mlimani. Alijilaani moyoni kwa kuchonga vibaya. Alipofika mtu wa mwisho, alichungulia kopo kwa hofu.

"Vimebaki vinne," alisema Bi Mwanvita. "Simama hapa, baba."

"Mimi? Mimi mgeni!"

"Umelala Kinole, umekula Kinole. Ni zamu yako. Nyekundu! Vinne."

Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Msimamizi wa Vipimo angekataaje dawa? Alimeza kimoja baada ya kingine, akatoa ulimi ukakaguliwa, na pikipiki ikashuka tumboni pamoja na vidonge.

"Sasa nikwambie," alisema Bi Mwanvita, sauti ile ile ya upole. "Kila mwaka nikigawa dawa nachora urefu wa mjukuu wangu mlangoni, na rangi aliyofika naiandika pale inapoanzia. Jana nikamsimamisha kwenye fimbo yako. Mwaka jana alikuwa njano, mwaka huu kijani. Nikajiuliza, watoto wa Kinole wanakua kwenda chini? Nikaiegemeza fimbo yako kwenye alama za mlangoni, nikaona umetudhulumu vidole vinne. Fimbo yetu ulishaichoma. Basi nikatafuta uani mahali penye mteremko wa vidole vinne, fimbo ikakaa chini, mtu akasimama juu. Nyinyi wa mjini mmezoea ardhi iliyolala. Huku kwetu hakuna."

Bi Mwanvita alimwonyesha mwanamke mmoja aliyekaa mkekani, uso ameuelekeza kwenye jua bila kupepesa.

"Yule ni Asha, mdogo wangu. Dawa hii ilifika kwake imechelewa. Ungechukua kidonge cha nani, baba? Cha Mosi?"

Twalibu aliona aibu, aibu ya kweli, na haikumpendeza hata kidogo.

"Naomba redio yangu," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Zawadi ya mgawa dawa bora wa tarafa?" Bi Mwanvita alishangaa. "Hiyo nimeshampa Asha. Yeye ndiye wa kusikiliza."

Akateremka mlima kwa miguu, na hakuwa amekunywa hata uji asubuhi ile. Vidonge vinne kwenye tumbo tupu vina mambo yao. Kona ya kwanza aliingia migombani mbio, ya pili vivyo hivyo, na kila alipochuchumaa aliisikia redio yake kule juu, Asha ameifungulia sauti mpaka mwisho.