Meza ya Mama huko Bagamoyo

Jumamosi, 2 Agosti

Mama ametoa tarehe. Hatimaye! Tutakwenda Bagamoyo sikukuu ya Nane Nane, sisi wanne: yeye, mimi, kaka yangu Meshack na mke wake Lulu. Amestaafu ukunga, nyumba ya hospitali anatakiwa kuiacha mwisho wa mwezi, na hajawahi kuiona bahari. Halafu akaongeza, huku akikunja kanga, kwamba tukishakula huko baharini atatuambia anahamia kwa nani. Kwangu Nzuguni au kwao Majengo.

Tukishakula. Alilisema wazi. Kwa hiyo yote yako kwenye chakula!

Meshack hakusikia, alikuwa anatazama mpira. Lulu alisikia, nilimwona. Papo hapo akaanza kusifia vibanda vya samaki vya ufukweni. Unachagua samaki wako, wanakukaangia mbele ya macho yako, unakula kwa mkono miguu ikiwa mchangani. Mama akacheka. Mimi Mama hunitabasamia. Lulu humchekesha.

Chumba chake kiko tayari tangu Pasaka. Nimekipaka rangi ya maziwa. Nimenunua hata ndala na kuziweka kando ya kitanda. Siku nyingine nazivaa mimi, natembea nazo koridoni, nisikie itakavyokuwa. (Hili asilisome mtu.)

Lulu hana chumba. Ana duka la mchele, godoro la ziada na kelele.

Uamuzi: Mama atakula hotelini. Vitambaa vyeupe, glasi zenye miguu, meza inayotazama bahari. Nimesoma maoni yote ya wateja mtandaoni. Nina shahada ya takwimu, siwezi kuchagua chakula kwa kubahatisha. Hoteli moja tu imenitosha. Mteja mmoja kalalamika kuwa kambamti wake walikuwa wa baridi. Mmoja tu. Lakini kwa nini walikuwa wa baridi?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepiga simu hotelini, nikiwa nimejifungia stoo ya ofisi. Meneja anaitwa Habibu, sauti laini kama ya mtu aliyelala vizuri. Akasema meza zote zinazotazama bahari zimeshachukuliwa, ni sikukuu. Sikukata simu.

Nikamwambia naitwa Emilia, napiga kutoka Dodoma, na nina maswali. Gari litasimama wapi? Kuna ngazi? Mpishi ni nani na ana uzoefu gani? Mgeni wangu atakaa mgongo wake ukielekea wapi? Kuna mlango wa nyuma? (Hilo ni kwa sababu ya choo. Mama magoti yanamsumbua.)

Sauti ya Habibu ikabadilika. Ilikuwa kama imesimama na kufunga vifungo vya koti. Akauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, mgeni ni mheshimiwa yupi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: ni mama yangu, mkunga mstaafu. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Ukasema kwamba mambo mengine hayazungumzwi kwenye simu.

Meza ikapatikana! Ya mbele kabisa! Akaniita afisa, akaniahidi kwamba sitajuta.

Sijadanganya. Nimeyarudia mazungumzo yote kichwani, sentensi kwa sentensi, na sioni uongo. Mbona basi nayarudia tena?

Jumanne, 5 Agosti

Leo mazoezi. Mama asije akaaibika mbele ya kisu na uma. Nilinunua sato Majengo, nikamkaanga mzima, nikatandika shuka jeupe mezani kwa kuwa sina kitambaa. Nje vipaza sauti vya maonesho ya Nane Nane vinatangaza mbegu na matrekta tangu asubuhi. Nilifunga madirisha ili tusikie bahari kichwani.

Mama alikaa. Akamtazama samaki. Samaki akamtazama Mama. Kisha akasema, pole mwanangu, leo nimefunga.

Jumanne! Nikauliza ni kanisa gani linalofunga Jumanne. Akasema ni nadhiri yake na Mungu. Akaomba chai. Baadaye nilimkuta jikoni amesimama, anamalizia kiporo cha ugali.

Ni hofu ya uma, iko wazi. Nimemwekea jozi moja kwenye pochi akajizoeze nyumbani.

Lulu kanipigia. Anasema amesikia nimemfundisha Mama kula. Akacheka sana. Eti, wifi, samaki hakuuliza umesoma wapi. Nikasema nina kazi, nikakata simu. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa namtazama sato.

Ijumaa, 8 Agosti. Bagamoyo

Treni ilikwenda vizuri, mimi nilikwenda vibaya. Mama ana kikapu kizito na hataki mtu akibebe. Kimefungwa kanga juu. Nikauliza kuna nini. Akasema mambo yake. Nina hakika ni zawadi ya kumuaga waliyompa hospitalini, na sasa anampelekea mtu. Nani? Alikaa karibu na Lulu mpaka Dar!

Bahari tuliiona jioni. Mama alisimama, viatu mkononi. Halafu akasema: "Maji yote haya, na sisi Dodoma tunapanga foleni ya ndoo." Ningetamani ningekuwa nimesimama karibu zaidi aliposema.

Lulu akatupeleka kwenye vibanda vyake. Viti vya plastiki! Moshi! Muuzaji akamwita Lulu shemeji bila kumjua. Lulu akachagua samaki, changu mkubwa, akanivutia kiti, akaniambia nikae, kiti hakiombi cheti.

Mama hakumgusa changu. Alisema treni imemyumbisha tumbo. Akanywa dafu, akala mihogo ya kukaanga na pilipili, tena kwa hamu, tumbo lile lile lililoyumbishwa. Lulu akamwuliza, Mama, hata mkia? Hata mkia. Uso wa Lulu ulishuka.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Ni viti vile, Mama hapendi plastiki.

Changu alikuwa mtamu sana. Siandiki zaidi juu ya hilo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Walijipanga mlangoni. Wote! Wapishi na kofia zao, wahudumu, mtunza bustani. Habibu alikuwa amevaa suti nyeusi kwenye joto lile. Juu ya meza yetu kulikuwa na maua, feni yetu peke yetu, na kibendera cha taifa. Meshack akaninong'oneza, Emi, umefanya nini? Nikamwambia hoteli nzuri ndivyo zilivyo.

Mama naye aliamini hivyo. Akapita kwenye mstari mzima akiwapa mkono. Shikamoo, marahaba, hujambo baba, kwenu wapi, wazazi wazima? Alipita vizuri mno. Nilianza kumwogopa.

Wa mwisho alikuwa mhudumu mjamzito, Anna. Mama akainama, akambonyeza mguu uliovimba kwa kidole, akatazama shimo lililobaki. Akamgeukia Habibu. Ile sauti naijua, ndiyo iliyonitoa juu ya paa nilipokuwa mdogo. Akasema binti huyu akae chini sasa hivi, kesho aende kliniki apimwe presha, na asirudi kubeba sinia mpaka awe amejifungua.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Habibu. "Utekelezaji unaanza mara moja."

Kiti kikaletwa mbio. Wapishi wakapiga makofi. Mama akanitazama, akasema kwa kweli hoteli hii wana adabu.

Kisha pweza. Mzima, kwenye sahani ndefu, mikono imejikunja kama ya mtu anayesubiri majibu ya maabara. Mama akamtazama kwa heshima zote. Nikamsogezea uma. Hapo akafungua kikapu chake, akafunua kanga, akatoa unga wa uwele na kopo la mlenda mkavu. Unga wa nyumbani! Mboga ya porini! Mbele ya glasi zenye miguu! Akauliza kwa upole kama jikoni wana sufuria na mwiko.

Nilitamani mchanga upasuke niingie.

Habibu akaniinamia sikioni. Akasema anaelewa kabisa, afisa. Usalama kwanza. Akaupokea ule unga kwa mikono miwili, akaupeleka jikoni mwenyewe, akimkataza kila mtu asiuguse.

Lulu akatoka nje. Nilimwona amekumbatia mnazi, mabega yanaruka. Alirudi macho mekundu, akanibana mkono chini ya meza, akasema, wifi, nilikuwa nakudharau bure.

Ugali ukaja chini ya mfuniko unaong'aa. Mama akanawa, akamega, akachovya. Mlenda ukavutika juu ya kitambaa cheupe mpaka kwenye kibendera. Akala akitazama mawimbi, akala tena. Na akacheka! Kwenye meza yangu! Hakuna aliyesema kichekesho. Alicheka tu mwenyewe, na bahari.

Laiti ningemwomba Habibu atuache hapo. Lakini alikuja, akafunga kifungo cha koti, akaomba nasaha mbili tatu kwa wafanyakazi. Na akauliza, kama sasa si siri tena, mheshimiwa anatoka wizara gani.

Mama akasema yeye alikuwa wodi ya wazazi maisha yake yote ya kazi. Akalamba kidole.

Sijawahi kuona suti ikinywea namna ile. Habibu akanitazama. Mimi nikamtazama pweza. Hakusema neno baya, afadhali angesema. Waliondoa kibendera kwanza, halafu maua, halafu feni. Kuhusu Anna, alisema tu kwamba ameshatamka mbele ya watu wote, kwa hiyo likizo inabaki. Anna alikuwa bado ameketi, anakula mlenda uliobaki.

Pweza nilimmaliza peke yangu. Sikujua la kufanya na mikono.

Na Mama hajasema anahamia kwa nani! Tumekula mara mbili!

Jumapili, 10 Agosti. Kwenye treni

Tulipoipita Morogoro Meshack akamwuliza wazi. Mama, mbona samaki hugusi? Mama akashangaa kwamba tunashangaa. Akasema kwao samaki hawali, bibi yake hakula, mama yake hakula. Kitu kimekaa majini, hakina kwato, hakina manyoya, akile kwa sababu gani?

Ni kweli nyumbani hatukuwahi kupika samaki. Maisha yangu yote nimeamini ni kwa sababu Dodoma iko mbali na bahari.

Lulu akauliza kwa nini basi hakusema mapema. Mama akasema kwa sababu tulionekana wenye furaha, tunagombania pa kumpeleka, na hajagombaniwa siku nyingi.

Nje mashamba makavu yalianza kurudi, yale ya kwetu.

Halafu, akimenya chungwa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akasema atahamia kwangu.

Kwangu!

Akatoa sababu, nami naiandika kwa ukamilifu. Akasema kwa Lulu angecheka kila siku, lakini Lulu na Meshack wanachekeshana wenyewe. "Huyu Emi akiachwa peke yake anapigia watu simu."

Lulu akasema hapo hana pingamizi. Nilitegemea anune. Hakununa. Akanigawia nusu ya chungwa lake, akasema, mchukue, wifi, ila Ijumaa tunamwazima.

Nimelitafakari jambo hili hadi stesheni ya Dodoma. Jibu ni moja. Ni hoteli! Meza ndiyo iliyoshinda. Viti vya plastiki havikuleta uamuzi, kitambaa cheupe kimeleta. Kama ningesikiliza watu, leo Mama angekuwa Majengo.

Jumatano, 13 Agosti

Mama amehamia. Ndala zinasikika koridoni. Zina sauti kubwa kuliko nilivyozivaa mimi. Jana nilisimama nyuma ya mlango nikazisikiliza zikienda na kurudi, mpaka akauliza kwa nini nasimama nyuma ya mlango.

Lakini je, akichoka? Akiona Ijumaa kwa Lulu ni tamu, asirudi? Usingizi hauji. Nimetengeneza ratiba ya chakula ya wiki nzima na kuibandika jikoni, yenye viinilishe vyote. Mama ameisoma yote, akavua miwani, akasema ni ndefu.

Samaki nimempunguza. Mimi si mtu wa kulazimisha. Nimempanga kwa kiasi kidogo tu, azoee. Leo nilimsaga sato, nikamchanganya na viazi, nikatengeneza katlesi. Hakuna kichwa, hakuna macho, hakuna mtu angejua. Nikatandika lile shuka.

Mama akakaa. Akanusa. Akasema, pole mwanangu, leo nimefunga.

Kumbe hufunga Jumatano pia! Mcha Mungu kweli. Nimesahihisha ratiba, samaki nimemhamishia Alhamisi.